Mti wa ukoo umeshaandikwa, lakini bibi anaukataa

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Tangu babu mzaa baba afariki nimekuwa na hamu ya kujua ukoo wetu ulikotoka. Hivi karibuni nimepata kikundi cha watu wanaofuatilia nasaba zao kwa kujitolea. Hakuna aliyesomea historia kati yao, na wengi ni wastaafu. Siku yangu ya kwanza mwanachama mmoja alifungua kompyuta akanionyesha mti wenye jina la babu, na kutoka kwake ukapanda baba kwa baba, vizazi 14 kutoka kwangu, hadi kwa mtu mmoja maarufu sana wa zamani. Nilitoka pale nimefurahi. Nilipomsimulia bibi, mjane wa babu, akasema baba mkwe wake hakuitwa jina lile kabisa, na kwamba alikuja ukubwani kutoka kwingine, peke yake, wala hakupenda kuulizwa. Sasa kikundi kinataka niwape majina na tarehe za kuzaliwa za familia nzima ili waziingize kwenye mti wao wa pamoja, na wamenishauri nimpeleke bibi akapimwe vinasaba tumalize ubishi. Mimi ni mwanamke, na nina kaka mmoja. Nijiunge nao? Na nimwamini nani, bibi au kompyuta?

JIBU

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na babu.

Jiunge. Lakini mti ule usiuchukue bado, majina ya walio hai usiyatoe, na bibi usimpeleke kupimwa, kwa sababu nitakayoieleza huko chini ambayo haihusiani na umri wake. Kikundi cha namna hiyo kinaweza kukufaa kuliko unavyodhani, ila faida yake haipo pale walipoanzia kukuonyesha. Faida ni kupata watu kadhaa watakaoketi nawe juu ya karatasi moja ngumu, waisome, wabishane, kisha wakuulize umejuaje. Mti uliokwisha kujazwa ndicho kitu cha mwisho kukichukua kwao.

Tuanze na namba, maana zitatusaidia kuzungumza bila kuwachanganya akina babu. Wafuatiliaji wa nasaba wana utaratibu uliochapishwa na Michaël Eytzinger mwaka 1590 na kuenezwa upya na Stephan Kekulé von Stradonitz mwaka 1898. Wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3. Baba wa mtu yeyote ni namba ya mtu huyo mara mbili, na mama ni hiyo mara mbili jumlisha moja. Kwa hiyo marehemu babu yako ni 4, baba yake ni 8, na babu yake ni 16. Endelea hivyo baba kwa baba na yule mtu maarufu wa kizazi cha 14 atapata namba 16,384.

Namba hiyo ndiyo pia idadi ya nafasi zilizopo kwenye ngazi ile. Kila mmoja wetu ana nafasi 16,384 za wahenga wa kizazi cha 14, ingawa watu wenyewe huwa pungufu, kwa kuwa ndugu wa mbali huoana na mhenga mmoja akajikuta amejaza nafasi mbili au tatu. Kwa wingi huo, kuwa na mtu maarufu mahali fulani huko juu si jambo la ajabu. Kigumu ni kuonyesha njia ya kumfikia, na njia yako imekatika karibu kabisa na nyumbani. Pingamizi la bibi linamgusa namba 8. Kama 8 alikuwa mtu mwingine, basi kuanzia 16 kwenda juu ule ni ukoo wa watu wengine, hata kama kila kilichoandikwa humo ni sahihi. Kwa hiyo msahau kwa sasa huyo wa 16,384. Una swali moja tu: baba wa babu yako alikuwa nani na alitoka wapi?

Sasa bibi. Kabla ya kuuliza kama anaaminika, jua kwanza anazungumza kama nani. Aliishi na baba mkwe wake, akamhudumia, akawasikia wenzake wakimwita? Au alimkuta ameshakufa, na anachokijua alisimuliwa na mumewe? Wa kwanza ni shahidi aliyeona, wa pili ni msikiaji, na msikiaji naye ana thamani yake ilimradi uandike alisikia kwa nani. Kuna jambo jingine linalonifanya nimsikilize kwa makini: yeye aliolewa katika ukoo ule. Nimewaona mara nyingi wakwe wakitunza habari ambazo wenye ukoo wamekwisha kuzipaka rangi, kwa sababu mkwe hana cha kupata kwa kumpandisha cheo baba wa mumewe.

Hata hivyo, jina lake kutofanana na la kwenye kompyuta halimalizi kesi. Watu wamekuwa na majina zaidi ya moja tangu zamani: la kuzaliwa, la dini, la kazini, la utani lililoshinda yote. Uturuki iliwalazimisha raia wake kuwa na majina ya ukoo kwa sheria ya mwaka 1934, kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja wangeweza kuandikishwa kwa majina tofauti. Iceland hadi leo watu wengi hubeba jina la baba, si la ukoo, na jina hilo hubadilika kila kizazi. Basi inawezekana bibi na kompyuta wote wanamtaja mtu mmoja. Inawezekana pia ni watu wawili waliofanana jina la kwanza. Hujui bado, na hiyo ndiyo hali halisi ya utafiti wako leo.

Mwendee bibi kabla ya kwenda kwenye hifadhi yoyote ya nyaraka. Karatasi iliyokaa miaka 80 itakaa mingine miwili. Kaa naye peke yenu, maana wakiwepo mashangazi watasahihishana na atashinda mwenye sauti kubwa. Mashangazi nao wape siku yao, mmoja mmoja. Ukirekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza, kisha anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina yenu. Nakala ya sauti iweke sehemu mbili siku hiyohiyo.

Usimuulize mwaka. Wazee hukosea miaka, na wakati mwingine visa vya watu wawili wenye jina moja huungana vikawa vya mtu mmoja, kizazi kizima kikapotea katikati bila mtu kujua. Anachokikumbuka vizuri ni nani alikuwa nani kwa nani, nani aligombana na nani, na nani alilala chumba kipi. Kwa hiyo muulize mambo yaliyotokea. Alipoolewa, baba mkwe alikuwa hai? Nani walikuja harusini kwa upande wake? Alipokufa, habari zilipelekwa kwa nani, nani alifika akitokea mbali, nani alitarajiwa asifike? Alikuwa akipata barua? Watoto wake wa kwanza aliwapa majina ya nani, maana katika jamii nyingi majina hayo hurudi kwa wazazi wa baba? Alihesabu kwa lugha gani alipokuwa peke yake, na alipokasirika alifoka kwa lugha gani? Swali hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Mtu anaweza kubadilisha jina, dini na tarehe ya kuzaliwa, lakini hesabu za kichwani mara nyingi huzifanya kwa lugha ya utoto.

Picha za zamani zitamfungua mdomo kuliko maswali yako. Geuza kila moja, maana nyuma huwa na muhuri wa studio, na muhuri una jina la mji. Usiandike chochote upande wa mbele, na usizibandike kwa selotepu. Zipe namba kwenye karatasi ya pembeni, kisha mwache azungumze. Akinyamaza, nyamaza naye. Watu wengi huharibu hapo kwa kuingiza swali jipya wakati mzee alikuwa ndio kwanza anaelekea kwenye jibu.

Halafu yale maneno yake kwamba mzee hakupenda kuulizwa. Mtu mzima anayefika mahali peke yake na kufunga kinywa huwa na sababu. Huenda alikimbia vita, deni, utumwa, mashtaka, au mke na watoto aliowaacha. Huenda pia hakuwa na kisa chochote, alikuwa tu mtu asiyependa maneno mengi. Lakini jiandae, na kubaliana na bibi mapema kuhusu yapi yatabaki nyumbani. Jambo zito likijitokeza, familia ilisikie kabla ya kikundi. Na akisema hili sitaki kulizungumza, basi.

Turudi kwenye kompyuta. Mti wa vizazi 14 mara chache huandikwa na mtu mmoja aliyesoma hati 14. Kwa kawaida mtu mmoja hukisia, wa pili hunakili bila ile alama ya kuuliza, wa tatu hukuta miti miwili inakubaliana akaona sasa kuna ushahidi. Miti 50 iliyonakiliwa kutoka mmoja ni shahidi mmoja, na huenda shahidi huyo hakuwepo. Kwa hiyo mwendee yule mwanachama kwa heshima, maana yawezekana ameukeshea mti ule, umwombe kitu kimoja tu: hati inayosema kwamba 4 ni mtoto wa 8. Hati inayomtaja mtu mwenye jina la 8 haitoshi. Unataka ile inayowaunganisha wawili hao. Kama anayo, isome mwenyewe. Kama hana, hujamshinda wala hujamwaibisha. Mmegundua tu mahali pa kufanyia kazi.

Ukipewa hati, usiulize kama ni ya kweli au ya uongo. Uliza kila sentensi ndani yake ilitoka kwa nani. Chukua cheti cha kifo. Tarehe ya kifo ilitolewa na mtu aliyekuwepo, mara nyingi siku chache tu baada ya msiba, na hapo cheti kina nguvu. Lakini cheti hichohicho kinaweza kutaja mahali alipozaliwa marehemu na majina ya wazazi wake, na mtoa taarifa akawa mkwewe aliyeoa miaka 40 baadaye. Karatasi ni moja, muhuri ni mmoja, na taarifa zake hazilingani uzito. Tofauti hii wengi kwenye vikundi hawaizingatii, ndiyo maana naisisitiza.

Marekani kuna bodi inayothibitisha wataalamu wa nasaba, iliyoanzishwa mwaka 1964, na kipimo chake cha uthibitisho kina masharti matano: utafute kwa upana unaoridhisha, utaje kila chanzo kikamilifu, uchambue na kulinganisha ulivyopata, utatue migongano, kisha uandike hitimisho lenye hoja. La nne ndilo linalokuhusu. Maneno ya bibi ni ushahidi unaogongana na mti, na mgongano hautatuliwi kwa kuchagua upande unaopendeza. Na sharti la tano si urasmi mtupu. Jaribu kuandika ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini unaamini 8 ni fulani, na mara nyingi mwanya utauona mwenyewe kabla hujamaliza.

Fanya pia hesabu za kawaida. Mama aliyezaa akiwa na miaka 9 au 61, baba aliyekufa miaka mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa, mtu anayeonekana amehesabiwa kwenye sensa mbili siku moja katika miji miwili: kwa ukaguzi huo peke yake miti mingi ya kwenye intaneti inaanguka bila hata kufungua hati. Ila kalenda isikuhadae. Miaka 33 ya Hijria ni takriban miaka 32 ya kalenda ya jua, hivyo mzee aliyehesabiwa miaka 66 kwa Hijria ana 64 kwa hesabu nyingine. England kabla ya mwaka 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Februari 1731 kwa hesabu yao, sisi leo tungemwandika wa 1732. Tofauti ndogo kama hizo zimewafanya watu wamgawe mtu mmoja akawa wawili.

Kwa mtu aliyekuja peke yake, dawa ninayoijua ni kuacha kumtafuta yeye na kuwatafuta waliomzunguka. Nani alisimama shahidi kwenye ndoa yake? Nani alikuwa jirani yake kwenye sensa, nani alimdhamini, aliuziwa ardhi na nani, nani alimzika? Watu huhama kwa mafungu hata pale familia inaposimulia kwamba babu alikuja peke yake. Shahidi wa ndoa mara nyingi ni mtu wa kwao, na shahidi huyo huenda hakuwa msiri kama yeye. Ukipata alikotoka shahidi, umepata mahali pa kwanza pa kumtafuta 8. Zifuate pia hati za ndugu wa babu yako. Taarifa isiyokuwepo kwenye cheti cha 4 inaweza kuwepo kwenye cheti cha mdogo wake.

Hapo utaambiwa kwamba jina lilibadilishwa na karani wa forodha. Simulizi hii ipo karibu kila familia ya wahamiaji, na maarufu kuliko zote ni ya Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji cha New York kilichofanya kazi kuanzia 1892 hadi 1954. Makarani wa pale hawakuwa na kazi ya kubuni majina. Walihakiki orodha za abiria zilizokwisha kuandikwa bandari ya kuondokea. Wengi walibadilisha majina wenyewe baadaye, kazini au kwenye uraia. Kwa mtafutaji hii ni habari njema, maana inakuelekeza utafute jina la zamani kwenye orodha ya safari na la jipya kwenye karatasi za uraia.

Utaambiwa vilevile kwamba kumbukumbu ziliungua. Wakati mwingine ni kweli. Ofisi ya kumbukumbu za umma ya Ireland iliteketea Juni 1922 mjini Dublin katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sehemu kubwa ya hati za karne kadhaa ikapotea. Lakini sensa za 1901 na 1911 zilinusurika, na mwaka 2022, miaka 100 baadaye, ulizinduliwa mradi wa kuijenga upya hifadhi ile kidijitali kutokana na nakala zilizokuwa zimetawanyika katika taasisi nyingine. Hati ya serikali ilikuwa na tabia ya kunakiliwa: moja kwa karani, moja kwa mkubwa wake, moja kwa mhusika. Ukiambiwa imeungua, uliza iliyoungua ni nakala ipi.

Lipo tatizo zito zaidi, la watu ambao hawakuandikwa kwa majina tangu mwanzo. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha ya watumwa iliyopangwa kwa jina la mmiliki. Mtumwa mwenyewe karibu kila mara aliandikwa umri, jinsia na rangi tu. Wengi wao majina yao yanaonekana kwenye sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Wazao wao hulazimika kufuatilia nyaraka za mmiliki, yaani wosia, mikataba ya mauzo na orodha za mali, ili wamwone mhenga wao ametajwa miongoni mwa vitu. Kama kisa cha 8 kinaelekea huko, usitafute peke yako. Kazi hiyo inaumiza, na ni hapo hasa kikundi kinapokuwa kikundi.

Na kwa jumla vikundi vya wasio wataalamu vimefanya makubwa kuliko wanavyosifiwa. Faharasa za vizazi, ndoa na vifo za England na Wales, ambako usajili wa serikali ulianza mwaka 1837, zinanakiliwa na watu wa kujitolea wa mradi wa FreeBMD ulioanza 1998. Sensa ya Marekani ya 1940 ilipofunguliwa Aprili 2012, watu wa kujitolea waliitengenezea faharasa kwa miezi michache tu. Makaburi mengi ambayo mawe yake yamekwisha kulika, maandishi yake yapo leo kwa sababu wastaafu fulani walipita na daftari. Ndani ya kikundi chako kuna mtu anayesoma mwandiko wa zamani bila kukwama, mwingine anajua mipaka ya wilaya ilibadilika lini na daftari zikahamia wapi, mwingine ana mafaili ya kikundi kizima kabatini kwake na hajawahi kuulizwa. Hao ndio wa kuwatafuta.

Nenda mkutano ujao na ukurasa mmoja. Juu andika swali: namba 8 alikuwa nani na alitoka wapi? Chini yake andika unachokijua na ulikijuaje, kisha ulikotafuta ukakosa. Sehemu hiyo ya kukosa usiiruke. Anayejua kwamba daftari fulani lilipekuliwa lote na jina halimo ameokoa wiki za mwenzake, na siku moja utakuwa wewe uliyesahau na ungerudia. Ukiwaambia unatafuta asili ya ukoo wenu, watakupa pole na hadithi zao. Ukiwaonyesha saini moja ya shahidi isiyosomeka, watasogeza viti. Nawe omba kazi ya kunakili ukurasa fulani wa rejista wanayoishughulikia. Utajifunza mwandiko haraka kuliko kwa somo lolote, na hutakuwa yule mwanachama anayekuja kuchukua tu. Akitokea mtu wa kuwauzia nembo ya ukoo wenu, mwache apite. Kwa sheria ya nembo ya Uingereza, nembo ni ya mtu na wazao wake waliothibitishwa, haitolewi kwa jina la ukoo.

Sasa vinasaba. Walikushauri umpeleke bibi, na ukifikiri kidogo utaona tatizo: bibi hana damu ya babu. Ni mjane wake. Kipimo chake kitakueleza mengi kuhusu wazazi wake yeye, na kuhusu namba 8 hakitakueleza chochote. Wanaobeba urithi wa 8 ni watoto wake wengine, kama kuna kaka au dada wa babu aliye hai, halafu baba yako na ndugu zake. Kati ya hao, wa kizazi cha juu ana thamani zaidi kwa kuwa amebeba kipande kikubwa cha 8. Mtoto ana nusu, mjukuu wastani wa robo, na wewe kitukuu wake umebaki na wastani wa asilimia 12.5.

Dai la kikundi limepita kwa wanaume watupu, kwa hiyo kipimo chake ni cha kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kubadilika sana. Wewe huna, kaka yako na baba yako wanayo. Akipatikana mwanamume mwingine ambaye ametokana na yule mtu maarufu baba kwa baba kwa hati zilizothibitishwa, Y yake ikilinganishwa na ya kaka yako mnaweza kulikataa dai mara moja. Zikitofautiana sana, njia ile imevunjika mahali fulani kati yao. Zikifanana, mnajua tu kwamba wana mhenga mmoja wa kiume. Kipimo hakitaji jina lake wala kizazi chake. Kile kipimo cha kawaida cha kuchanganya pande zote hakifai kabisa kwa vizazi 14, maana mhenga wa mbali hivyo huenda hukurithi kwake hata kipande kimoja. Kwa binamu kinafanya kazi vizuri: binamu wa kwanza hushirikiana wastani wa asilimia 12.5, wa pili karibu 3, lakini ukifika binamu wa tatu takriban mmoja kati ya kumi haonyeshi uhusiano wowote na bado ni ndugu. Zile asilimia za asili ya kabila au bara zisome kwa starehe tu. Kila kampuni hulinganisha na kundi lake la watu, ndiyo maana mate ya mtu mmoja hupata majibu tofauti.

Kabla kaka yako hajatema mate, mweleze kwamba anapima kwa niaba ya wote. Matokeo huweza kuonyesha baba asiyetarajiwa, ndugu wasiojulikana, mtoto aliyelelewa na wasiomzaa, na habari hizo hazirudi ndani. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata muuaji waliyemtafuta kwa miongo kadhaa kupitia ndugu zake wa mbali waliokuwa kwenye GEDmatch, hifadhidata ambako watu huweka matokeo yao ya vinasaba. Yeye mwenyewe hakuwa ameweka chochote pale. Mwaka 2023 wadukuzi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Sikukatazi. Ningekuwa wewe ningeanza na bibi na karatasi, na kupima kukaja tu pale ambapo swali limebaki na majibu mawili yanayoweza kutenganishwa na kipimo.

Lililobaki ni huo mti wa pamoja. Faili lako liwe kwako kwanza. Programu karibu zote za nasaba hutoa faili la GEDCOM, muundo uliobuniwa mwaka 1984 ili data ihame kutoka programu moja kwenda nyingine. Hifadhi lako, na kikundi uwape nakala ya marehemu pekee. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mama alilozaliwa nalo na mahali pa kuzaliwa ndivyo benki na ofisi nyingi huuliza kumtambua mtu, na watoto wa kaka yako hawakukupa ruhusa ya kuviweka hadharani. Mti wa pamoja wa FamilySearch, ambao ni mkubwa kuliko wote wa aina hiyo, huwaficha walio hai wasionekane na watu wengine. Waombe wenzako wafuate utaratibu huohuo. Na kwa namba 8 waombe waandike majina yote mawili, la mti na la bibi, waweke alama ya kuuliza, na wakikate kiungo cha kwenda 16 mpaka hati ipatikane. Wakikataa, endelea kuhudhuria, wasaidie kunakili, uliza maswali yako, na namba 8 abaki kwenye faili lako tu.